Jozi ya pili ya skii, kwa theluji iliyovurugwa

Saa tatu asubuhi mteremko umenyooka kama shuka iliyopigwa pasi. Ikifika saa nane mchana, shuka hiyohiyo imelaliwa na watu mia: huku marundo ya theluji laini, kule pamekwanguliwa hadi barafu, na kivulini kuna ukoko mgumu ambao jua halijaufikia. Skii (mbao ndefu za kutelezea theluji) ulizonunua kwa ajili ya asubuhi sasa zinakusuta. Pua zake, yaani ncha za mbele, zinapigapiga, magoti yanatikisika, na wewe uliyekuwa ukikata kona kwa madaha unashuka umeinama kama aliyeangusha sindano.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari ana jozi moja anayoipenda, na anatafuta nyingine ya kumvusha mchana wa namna hiyo. Niseme mapema ninachokiamini: wengi hununua upana, kumbe walichohitaji ni uzito. Nami nilikuwa mmoja wao. Jozi yangu ya nyongeza ya kwanza kabisa ilikuwa na kiuno (upana wa katikati ya skii) cha milimita 112, nyepesi kiasi cha kubebwa na mtoto, na muuzaji aliniapia kwamba "itaelea juu ya kila kitu". Kweli ilielea. Ilielea hadi kwenye rundo la kwanza gumu, ikaruka kushoto, mimi nikaenda kulia.

Hatua ya 1: Jua ni theluji gani inayokusumbua

"Theluji mbaya" ni jina la vitu vinne tofauti, na skii haiwezi kuvitibu vyote kwa kiwango kimoja.

Cha kwanza ni theluji iliyovurugwa: ilianguka usiku ikiwa ya unga, watu wakapita, ikabaki marundo na mifereji. Theluji mpya iliyo kavu huwa na uzito wa kilo 50 hadi 100 kwa kila mita ya ujazo, ilhali iliyokandamizwa na upepo inaweza kufika 300 hadi 400. Kwenye kona moja tu unaweza kuingia kwenye moja na kutokea kwenye nyingine. Ndiyo maana unahisi kama kuna mtu anakushika miguu, anakuachia, kisha anakushika tena. Hapa dawa ni uzito na utulivu wa skii.

Cha pili ni ukoko unaovunjika: juu gamba, chini laini. Hapa upana unasaidia, na pua iliyoinuka inasaidia zaidi. Cha tatu ni uji wa mchana wa jua, theluji iliyolowa maji. Upana wa wastani unatosha, kazi kubwa inafanywa na nta. Cha nne ni mabonge yaliyolowa mchana yakaganda usiku. Kwa hayo sina skii ya kukupendekezea. Nenda kanywe kitu cha moto, usubiri jua.

Chukua karatasi uandike siku kumi za mwisho ulizoteleza, na theluji ilikuwaje baada ya saa sita mchana. Ukikuta siku saba ni za aina moja, umeshapata jibu la nusu ya maswali yanayofuata. Ukikuta ni siku mbili tu zilizokusumbua kati ya kumi, kodi skii kwa siku hizo na ufunge ukurasa huu.

Hatua ya 2: Soma jozi uliyonayo

Karibu na mkia au kiunoni pameandikwa namba tatu, mfano 121-74-104. Ni upana kwa milimita: pua, kiuno, mkia. Pembeni yake kuna R ikifuatiwa na mita, mfano R 13 m. Hiyo ni nusukipenyo ya kona ambayo skii inataka kuikata yenyewe ukiilaza ubavu.

Jozi ya pili inachaguliwa kwa kuitazama ya kwanza. Zikikaribiana sana, moja itakaa stoo ikiota vumbi. Kipimo changu ni tofauti ya milimita 20 hivi kiunoni, au 15 kama ya kwanza ni ya katikati tayari. Mwenye 74 atafute kati ya 94 na 100. Mwenye 86 atafute 100 hadi 105.

Mwenye 98 nyepesi ndiye mwenye kesi ngumu, kwa sababu dukani watamwonyesha 115. Asizikubali. Tatizo lake si upana, anao wa kutosha. Anahitaji ama skii ya upana uleule iliyo nzito zaidi, ama akiri kwamba kinachomsumbua hasa ni sehemu ngumu na anunue nyembamba ya milimita 80 na kitu.

Hatua ya 3: Weka mipaka ya upana

Kwa theluji iliyovurugwa, wengi wetu tunaishi vizuri kati ya milimita 94 na 104. Chini ya hapo skii inazama kwenye marundo na kupita ndani yake kama jembe. Juu ya hapo yanakuja matatizo mawili. Kwanza, kiuno kikiwa kipana, makali ya chuma yanakuwa mbali na mstari wa katikati ya mguu, kwa hiyo kila ukikutana na sehemu ngumu, kifundo na goti vinafanya kazi ya ziada kuilaza skii ubavu. Pili, ubao mpana una uso mkubwa wa kugongwa. Rundo ambalo skii ya 98 inalipasua, ya 115 inalipanda, na ukilipanda lazima ulishuke.

Hatua ya 4: Pima uzito, na ujue kilichomo ndani

Hapa ndipo nataka ukae muda mrefu.

Skii inapogonga rundo, rundo linataka kuisimamisha au kuigeuza. Kinachopinga ni uzito wa skii ikiwa kwenye mwendo, pamoja na uwezo wake wa kumeza mtikisiko. Skii ya gramu 1,600 na ya gramu 2,100 zenye umbo moja zinaweza kufanana kabisa saa tatu asubuhi. Saa nane ile nyepesi inaruka kila inapoguswa, na nzito inapita kama basi lililojaa abiria kwenye barabara ya vumbi: matuta unayasikia, lakini hayakurushi.

Mtu atauliza, nusu kilo kwa mguu si itanichosha? Itakuchosha ukiibeba begani kutoka maegesho, na itakuchosha kama unapanda mlima kwa miguu. Kwa anayepandishwa na lifti, kinachochosha ni kupigana na skii inayorukaruka siku nzima. Misuli ya mapaja yangu ililiamua suala hili kabla ya kichwa.

Makadirio yangu, kwa skii moja yenye urefu wa sentimita 178 hadi 182: chini ya gramu 1,700 ni nyepesi mno kwa kazi hii. Kati ya 1,800 na 2,000 panawafaa wengi. Kuanzia 2,000 hadi 2,200 ni kwa mtu mwenye kilo 80 na kuendelea, au anayependa kasi. Mwenye kilo 60 anaweza kuridhika na 1,700 hadi 1,850, tena kwa urefu mfupi zaidi. Angalia tu kama uzito ulioandikwa ni wa skii moja au wa jozi, maana viwanda havifanani.

Uzito huo unatoka wapi? Kwanza kwenye kiini cha mbao. Paulonia ni nyepesi, ashi ni nzito na hunyonya mtikisiko vizuri zaidi, na viwanda vingi huchanganya mbao mbili au tatu. Pili kwenye metali. Utasikia sana neno titanali. Licha ya jina, hiyo si titani bali ni aloi ya alumini, na kazi yake ni kuzuia ubao usijipinde kama kijiti na kutuliza mtetemo. Skii nyingine zina shiti (bamba nyembamba) mbili kamili za titanali, moja juu ya mbao na nyingine chini. Nyingine zina shiti moja, au vipande tu.

Kwa kukupa picha: Nordica Enforcer 100 na Atomic Bent 100 zinalingana kiuno, milimita 100. Ya kwanza ilijengwa kwa shiti mbili za titanali na watu wanaisifu kwa utulivu. Ya pili haina titanali, ni nyepesi na inapenda kuchezacheza na kuruka. Namba ya upana ni moja, tabia ni mbili. Katikati yao kuna kama Völkl Mantra M6, kiuno 96, ambayo titanali yake imekatwa ikazunguka kingo badala ya kufunika skii nzima. Ukinunua kwa kutazama kiuno peke yake utadhani zote tatu ni ndugu.

Ila usivuke mpaka. Skii ngumu kupita nguvu zako haitulii, inakurudishia kila pigo moja kwa moja kwenye goti kwa sababu huwezi kuipinda. Fanya hivi dukani: simamisha skii, mkia juu ya kidole cha kiatu chako ili usichubuke, shika pua kwa mkono mmoja, kisha sukuma katikati kwa kiganja cha mkono mwingine. Tazama upinde unaotokea. Unataka upinde mmoja ulioenea, pua laini kidogo kuliko mkia, usio na mahali unapovunjika ghafla kama kiwiko. Kisha gonga pua kwa kifundo cha kidole. Nyepesi isiyo na kitu ndani inalia kama debe tupu, na iliyojaa inatoa kishindo kifupi kilichokufa. Si kipimo cha maabara, lakini ukigonga jozi tano mfululizo sikio litaelewa.

Hatua ya 5: Tazama umbo

Weka skii mbili za jozi tumbo kwa tumbo (nyuso za chini zikigusana) bila kuzikandamiza, uzitazame kwa ubavu. Nafasi inayobaki katikati ndilo tao, na ndilo linalokupa mshiko kwenye sehemu ngumu. Mahali pua zinapoanza kuachana kabla ya mwisho panaitwa roka. Roka ilitokana na wazimu mmoja wenye akili: mtelezaji Shane McConkey alifunga vifungo vya buti juu ya skii za majini akatelezea theluji ya Alaska, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni ya Volant ikamtengenezea skii iliyopinda juu kama kijiko, Spatula. Ile ilikuwa ya theluji nene tu. Kilichobaki kwenye skii za leo ni kipande cha wazo lile: pua inainuka mapema ili ipande juu ya rundo badala ya kulichoma.

Kwa mahitaji yetu tafuta roka ya wastani puani, tao chini ya buti, na mnyanyuko mdogo sana mkiani. Mkia ulioinuka sana ni mtamu ukitaka kuteleza kiubavu, lakini ukitoka kwenye kona ya kasi unakosa kitu cha kuegemea.

Nusukipenyo, chukua mita 17 hadi 22. Skii yenye mita 13 inataka kugeuka kila inapoguswa, na ndani ya marundo kila kitu kinaigusa. Pia epuka pua pana mno ikilinganishwa na kiuno. Kwenye ukoko inanasa kama ndoana. Nyingi za kisasa zimepunguzwa upana mwishoni mwa pua kwa sababu hiyohiyo.

Hatua ya 6: Urefu

Usinakili urefu wa jozi ya kwanza. Skii yenye roka haigusi theluji kwa urefu wake wote, kwa hiyo ya sentimita 178 inaweza kujisikia fupi kuliko ya 170 isiyo na roka. Anza na kimo chako, ongeza sentimita 3 hadi 8 kama una kasi na uzito, baki sawa na kimo kama unajifunza bado kona fupi. Ukiwa katikati ya saizi mbili na mteremko wako ni wa miti mingi, chukua fupi. Ukiwa na uwanja mpana, ndefu. Kumbuka pia viwanda vinapima tofauti, vingine kwa kufuata mpindo wa ubao, vingine kwa kamba iliyonyooka, kwa hiyo 180 ya huku inaweza kuwa 178 ya kule.

Hatua ya 7: Vifungo na buti

Buti ni zilezile, basi anza kwa kusoma soli. Soli ya kawaida ya mteremko ina alama ya ISO 5355, ya GripWalk (iliyopinda kidogo kurahisisha kutembea) ni ISO 23223, ya kupandia mlima ni ISO 9523. Kifungo lazima kikubali soli yako. Kuingia peke yake si ushahidi. Buti inaweza kubofya "ka!" ikaingia na bado isiachie siku ya kuanguka.

Breki za kifungo, zinazoizuia skii isikimbie peke yake ikichomoka, ziwe na upana sawa na kiuno au zaidi kwa milimita 15 hivi. Pana kupita hapo zinakwaruza theluji ukilaza skii.

Kwenye marundo buti inasukumwasukumwa ndani ya kifungo mara nyingi kwa dakika moja. Kifungo kizuri cha mteremko kinairuhusu buti isogee kidogo na kuirudisha katikati bila kuachia. Vile vyepesi vya pini, vya kupandia mlima, vingi havina nafasi hiyo ya kutosha. Ndiyo maana sivipendi kwa kazi hii. Na kama buti inachomoka bila sababu, usikimbilie kukaza namba ya kuachia (inayoamua kifungo kiiachie buti kwa nguvu kiasi gani). Mara nyingi ni msukumo wa kifungo cha kisigino kwenye buti uliopimwa vibaya, au barafu iliyoganda chini ya soli. Namba yenyewe iwekwe na fundi kwa uzito wako, kimo, umri, urefu wa soli na namna unavyoteleza. Usinakili ya rafiki yako.

Vifungo vikae kwenye mstari uliopendekezwa na kiwanda. Kuvisogeza mbele sentimita moja kunafanya skii igeuke upesi, lakini pua iliyobaki ni fupi, na pua ndiyo inayokutana na marundo kwanza.

Hatua ya 8: Zijaribu mchana

Siku za majaribio watu hupanga foleni asubuhi. Mimi naenda nao, lakini asubuhi natumia skii zangu. Baada ya saa saba, njia zimeshachimbika na foleni imeisha, ndipo nakodi. Skii zote zinapendeza kwenye theluji iliyolainishwa na mashine.

Chagua mteremko mmoja, upande mmoja, ushuke mara tatu kwa kila jozi kabla ya kubadilisha. Mara ya kwanza polepole. Mara ya pili kwa kasi yako ya kawaida. Mara ya tatu fanya makusudi: elekeza skii moja kwa moja kwenye rundo lenye kimo cha goti, miguu ikiwa imelegea, usigeuke. Sikiliza. Skii ikikusukuma nyuma, ni laini mno puani. Ikikurusha juu, ni nyepesi au ngumu mno. Ikipita na wewe ukabaki unatazama mbele, andika jina lake.

Vifungo vya kukodi vinavyosogezwa kwa saizi zote vina bamba chini, vinaongeza uzito na kukuinua kidogo, kwa hiyo usishangae jozi yako mwenyewe ikijisikia nyepesi zaidi. Pitisha kucha kwenye makali kabla hujaondoka. Yasipokwangua kucha hata kidogo, utakuwa unahukumu tupa ya fundi, siyo skii.

Hatua ya 9: Ukinunua mtumba

Jozi ya pili ni mahali pazuri pa kununua mtumba, kwa sababu skii nzito zenye titanali hudumu na wenye nazo huzichoka mapema. Pindua skii, funga jicho moja, tazama tumbo kutoka mkiani kama unavyotazama ubao dukani kujua kama umepinda. Titanali ikishapinda haijirudi. Bonyeza ubavu kwa kidole gumba kutafuta mahali ambapo tabaka zimeachana, hasa puani na chini ya vifungo. Hesabu matundu ya skrubu: kama vifungo vilishafungwa mara mbili, sawa, mara tatu, nasita, na matundu mapya yakiangukia karibu na ya zamani naondoka. Mkwaruzo tumboni unazibika. Ukingo wa chuma uliopasuka na kuinuka, hapana.

Muulize fundi kama vifungo hivyo bado viko kwenye orodha ya vinavyotambuliwa na kiwanda. Vikiwa vimetoka, fundi hatavigusa, na bei uliyofurahia inaongezeka kwa bei ya vifungo vipya.

Kabla ya siku ya kwanza

Mwambie fundi anoe nyuzi 1 upande wa tumbo na 2 upande wa ubavu, na akwangue makali yawe butu kwenye sentimita chache za mwisho za pua na mkia, pale roka inapoanza. Makali ya pua hayana kazi pale, yananasa tu. Na kwa mchana wa uji, nta ya hali ya joto pamoja na michirizi mikubwa tumboni ndiyo inayovunja ule mnyonyo wa maji. Utaujua ukikutana nao: skii zinasimama ghafla, wewe unaendelea. Mimi natembea na kipande cha nta mfukoni, napaka nikiwa kwenye lifti, glavu moja mdomoni.